KUUNDA MFANO WA EROPLENI YA GIPSY MOTH

Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi kwa eropleni aina ya Gipsy Moth, yenye mabawa juu na chini. Kijana wa Kyuso aundaye mfano wake hana budi kufahamu kazi ya nyaya. Zitokazo chini ubavuni kwenda bawa la juu huyazuia mabawa yasivunjike angani. Zitokazo juu katikati kwenda bawa la chini huyabeba eropleni ikiwa uwanjani.

Basi kwanza na agundishe bawa la chini, kisha vijiti, halafu la juu. Gundi ikikauka kabisa, ndipo afunge nyuzi, akizikaza kushoto na kulia sawasawa. Uzi uliokazwa kupita kiasi hupinda bawa.