Kobayi wetu wapite kiangazi wakiwa wazima



Huku kwetu Kivu ya Kusini, kobayi (dende) ni akiba ya nyumba. Anakula majani, haombi nafasi kubwa, na siku watu wanakimbia anabebwa ndani ya kitunga, pale ng'ombe anabaki na kuporwa. Mukiuza wachache mu mwezi wa kenda, munapata kitu cha kuongeza juu ya minervali ya mutoto wa sekondari. Lakini wakiisha mu mwezi wa saba, minervali nayo imeisha. Wengine wanasema ni uchawi wa jirani. Sisi tunasema: tuangalie kwanza majani.

1. Majani mabichi kila siku

Mbuzi na sungura wanajitengenezea vitamini C ndani ya mwili. Kobayi hawezi, sawa vile mutu hawezi. Anaipata mu majani mabichi tu. Majani makavu yameipoteza. Akikula makavu peke yake juma mbili ao tatu, anaanza kulegea, viungo vinavimba, ufizi unatoka damu, hataki kutembea. Kisha anakufa.

Kwa hiyo, mbele kiangazi kianze, tupande matembele, lengalenga na setaria bondeni ao karibu na maji. Majani yenye umande tuyaache yanyauke kidogo, na tusiyarundike mpaka yapate moto, maana yanavimbisha tumbo. Majani ya viazi vya kizungu na ya tomati ni sumu, tusiwape. Maji safi pia yawepo.

2. Nyumba kavu, bila moshi

Wengi tunawaacha chini jikoni. Moshi unaharibu mapafu, na unyevu unaleta kikohozi. Tengenezeni kizimba cha mbao ao mianzi, kiinuliwe juu, kifungwe vizuri: panya, paka na nyoka wanapenda watoto wa kobayi. Nyasi za kulalia zibadilishwe mara tu zinapolowa.

3. Dume na majike

Dume moja inatosha kwa majike 5 mpaka 7. Mimba inachukua siku 68 hivi. Watoto wakifikisha juma 3, tenga dume na majike, kwani jike mudogo anaweza kushika mimba mapema sana. Lakini musimucheleweshe kupita kiasi: asipozaa mara ya kwanza mbele ya miezi 6 ao 7, mifupa ya nyonga inafungana na anaweza kufa akizaa. Dume asipande watoto wake; tubadilishane madume kati yetu wanachama.

4. Dawa inayoua

Musimupe kobayi penisilini, ampisilini wala amoksisilini, hata kama zimebaki nyumbani. Zinaua vijidudu vizuri vya tumbo vinavyomusaidia kusaga majani, na anaweza kufa kwa siku chache. Mugonjwa mutenge na wengine, mupe majani mabichi, kisha ita veterineri.

Kazi ya mukutano ujao: kila mutu aseme ana madume mangapi, atabadilishana na nani, na kipande gani cha bonde atapanda majani ya kiangazi. Mwandishi wa koperative aandike. Mwezi wa kenda tutahesabu pamoja.