Kufundisha Nguvu ya Dhoruba Kandokando ya Ziwa

Mwanachuo mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha hapa Mwanza, alieleza habari za kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Mtoto akauliza: "Mbona hakikufika kwetu?" Mwalimu akanyamaza.

Kimbunga huzaliwa katika bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, kikalishwa na mvuke wake. Kikiingia nchi kavu hukosa chakula hicho, kikafifia. Lakini mvuke huo huo ndio uletao dhoruba zetu za usiku, pepo za nchi kavu zikutanapo juu ya ziwa ambalo bado ni vuguvugu. Na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi.

Yafaa watoto waone. Funika kwa vioo bakuli mbili, moja ya maji moto, nyingine ya maji baridi, walinganishe matone. Usiwaambie, hata hivyo, kwamba kila dhoruba imeletwa na mabadiliko ya hali ya hewa.

Kisha uliza kuhusu samaki. Ziwa likivurugwa, maji ya chini yenye upungufu wa oksijeni hupanda, na sangara hufa. Mtoto wa mvuvi huenda ameyaona; aeleze yeye kabla hujashika chaki.