SOMO: WACHEZA MPIRA WA KANADA WALIPOKATAA MAPATANO: HAKUNA HAKI BILA KURA? TUJIFUNZE MSIMU WA 2022



Tukisoma habari za mgomo tumezoea kutaja kiwanda, bandari au shamba. Leo tunachukua mfano wa wacheza mpira. Msicheke. Mchezaji naye anauza nguvu za mwili wake, na mwili ukivunjika riziki inakatika.

Mpira wenyewe si huu wetu. Huchezwa Kanada, watu 12 kila upande, na hushikwa kwa mikono. Ligi ina timu 9. Wachezaji walianzisha chama chao mwaka 1965, wakagoma mwaka 1974.

Msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mkataba ulipokwisha Mei 2022, chama na wenye timu hawakupatana. Tarehe 15 Mei, mazoezi yalipotakiwa kuanza, wachezaji wa timu 7 waligoma. Wale wa Calgary na Edmonton, katika jimbo la Alberta, sheria ya jimbo lao haikuwaruhusu kugoma siku ile. Angalieni hapo: chama kimoja, sheria mbalimbali.

Tarehe 18 viongozi walifikia mapatano na mgomo ukasimama. Lakini kazi haikuishia hapo. Tarehe 23 wanachama walipiga kura, wakayakataa. Waliona nafasi za Wakanada uwanjani zinapunguzwa, na hakuna malipo ya kukubali mkataba. Viongozi wakarudi mezani. Tarehe 26 mapatano mapya, yenye fungu la dola milioni 1 kwa wachezaji, yalipitishwa kwa muda wa miaka 7. Msimu ukachezwa, na tarehe 20 Novemba Toronto iliishinda Winnipeg 24 kwa 23.

Sisi tumewahi kuona mkataba ukitiwa sahihi ofisini, mfanyakazi akausikia siku ya mshahara. Chama cha namna hiyo hakina nguvu, maana mwajiri anajua anazungumza na watu watatu tu.

Basi tushike haya: kiongozi hujadiliana, mwanachama huamua. Anayekataa aseme anakataa kifungu gani. Na sheria isomwe kabla ya mgomo, si baada yake.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Nani kati yetu ameusoma mkataba wetu?
2. Unakwisha lini?
3. Tukiukataa, tutadai nini?