Nguzo ya dawa ina siku zake

Mvua za vuli zikikaribia, kila mfugaji anatafuta nguzo za uzio, zile za mkaratusi au paina zenye ukijani. Zichague vizuri, lakini usizisimike zikiwa bado zinadondosha maji ya dawa.

Mkulima wa kahawa anaujua mrututu. Ni chumvi ya shaba, na shaba ni adui wa kuvu wanaoozesha mti. Ukiloweka nguzo katika maji ya mrututu mtupu, sehemu ya shaba hunasa kwenye mti: lignini na hemiselulosi zina asidi hafifu, shaba huisukuma haidrojeni na kukaa mahali pake. Nafasi hizo si nyingi. Inayobaki huelea tu, na mvua huichukua.

Ndiyo maana kiwandani shaba huchanganywa na kromi na aseniki, mchanganyiko uliobuniwa na Sonti Kamesan wa India miaka ya 1930. Aseniki ni ya mchwa na wale kuvu wanaoistahimili shaba. Kromi ndiyo gundi. Huingia ikiwa ya manjano, inayeyuka majini na ni sumu kali. Mti wenyewe huibadilisha ikawa ya aina nyingine isiyoyeyuka, nayo hujifunga na mti pamoja na wenzake wawili. Hapo ukijani hukaa.

Kazi hiyo hutaka joto. Tanga au Morogoro siku chache hadi wiki mbili zinaweza kutosha. Kwenye baridi ya Mufindi na Njombe, hesabu wiki kadhaa. Zipange chini ya paa, hewa ipite katikati. Zikinyeshewa mapema, umelipia dawa iliyokwenda mtoni.

Jambo la pili linaniudhi zaidi: fundi akiona nguzo ndefu anakata ncha ya chini. Dawa huingia kwenye mti mweupe wa nje, kiini cha ndani haikiingii vizuri. Ukikata chini, umemfungulia mchwa mlango, na nguzo italiwa ndani ikibaki ganda la kijani. Punguza upande wa juu, au chimba shimo refu zaidi.

Vaa glavu unapozishika. Vipande vilivyobaki usivipikie kamwe, na majivu yake usiyamwage zizini wala bustanini: ng'ombe huyalamba wakitafuta chumvi, na aseniki iliyomo inaua.