Usikariri Neno, Lifumue

Ndugu mwanachuo, wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, leo madesa yote ni Kiingereza. Tunachofanya ni kukariri: maneno ishirini usiku mmoja, wiki ikiisha yamebaki matano. Tatizo si kichwa chako. Tatizo ni kumeza neno zima bila kulitafuna.

Jiulize: ni lini ulikariri "hatutasoma", "sikusoma" na "mlisoma" kama maneno matatu tofauti? Hujawahi. Unaujua mzizi, unavijua vipande vinavyotangulia, basi. Kiingereza nacho kina vipande vya mbele, yaani viambishi awali. Anza na hivi vitano:

Re- ni tena au upya: "rewrite", andika upya.
Pre- ni kabla: "prewar", kabla ya vita.
Mis- ni vibaya: "misuse", tumia vibaya.
Sub- ni chini au sehemu ndogo: "subsection", kifungu kidogo.
Inter- ni baina ya: "international", baina ya mataifa.

Kisha kuna wakanushaji, un- na in-. Huyu in- anawachanganya watu kwa sababu hubadilika sura: "impossible", "illegal", "irregular". Usishangae, hata sisi tunafanya hivyo. Tunasema nyumba ndogo, lakini nyumba mbaya. Ile n- imegeuka m- mbele ya b ili midomo isipate taabu. Ndivyo in- inavyogeuka im- mbele ya p, b na m.

Sasa kwa nini ujisumbue? Kwa sababu herufi mbili zinaweza kugeuza jibu lote. Wenzetu wa udaktari wanajua: hyper- ni kuzidi, hypo- ni kupungua. Mwenye "hypoglycaemia" sukari yake ya damu imeshuka, anahitaji sukari haraka. Mwenye "hyperglycaemia" imezidi, na kumwongezea ni kumzidishia hatari. Kwenye mtihani kosa hilo ni sapu, wodini ni uhai wa mtu.

Wa sheria nao wasikilize. Hakimu anapaswa kuwa "disinterested", yaani asiye na maslahi katika kesi. Akiwa "uninterested", huyo hajali kabisa, pengine anasinzia. Dis- na un- zote hukanusha, ila hapa hazikanushi kitu kimoja.

Tahadhari: si kila in- hukanusha. Chupa ya maabara iliyoandikwa "inflammable" inashika moto kwa urahisi! Hapo in- imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Na "invaluable" si kitu kisicho na thamani, bali chenye thamani isiyokadirika. Kwa hiyo kiambishi kinakupa kisio zuri, kamusi ndiyo inayothibitisha.

Fanya hivi kuanzia leo. Chagua kiambishi kimoja kwa siku. Fungua desa la somo lako mwenyewe, tafuta maneno matano yenye kiambishi hicho. Andika maana unayoikisia kabla ya kugusa kamusi, kisha hakiki. Ulipokosea, weka alama na urudie kesho yake. Kwa wiki mbili utakuwa umepitia viambishi kumi na vinne, na maneno sabini ya fani yako, ambayo ndiyo utakayokutana nayo kwenye chumba cha mtihani.