Gombo la Pili

JUMATANO

Soma Yeremia 36:1-7. Mungu alikuwa na kusudi gani alipoagiza maneno yake yaandikwe?

Ulikuwa mwaka wa nne wa Mfalme Yehoyakimu, yaani 605 K.K., mwaka ule ule ambao Nebukadreza alilishinda jeshi la Misri huko Karkemishi. Yeremia alikuwa amekwisha kuhubiri kwa miaka 23, na watu hawakusikiliza (Yer. 25:3). Sasa alikuwa amezuiwa hata kuingia hekaluni. Kwa hesabu ya wanadamu, kazi yake ilikuwa imefika mwisho.

Lakini Bwana hakunyamaza. Ikiwa mjumbe hawezi kuingia, basi ujumbe utaandikwa na Baruku ataupeleka. Angalia sababu inayotajwa katika fungu la 3 na la 7. Gombo halikuandikwa ili kuweka orodha ya makosa ya Yuda. Liliandikwa ili watu wasikie, wageuke, wapate kusamehewa. Nyuma ya maonyo yale makali kulikuwa na tumaini moja: huenda safari hii watasikia.

Soma Yeremia 36:20-26, kisha ulinganishe na 2 Wafalme 22:10-13. Baba na mwana waliitikiaje neno la Mungu?

Mwezi wa tisa wa mwaka wa tano, wakati wa baridi, gombo lilisomwa mara tatu kwa siku moja: mbele ya watu hekaluni, mbele ya wakuu, na mwisho mbele ya mfalme. Miaka ya nyuma Yosia, baba yake Yehoyakimu, aliposomewa kitabu cha torati alirarua mavazi yake. Mwana hakurarua mavazi; alilikata gombo. Kila kurasa tatu au nne zilipokwisha kusomwa, zilikatwa kwa kisu na kutupwa motoni, mpaka gombo lote likateketea.

Hata hivyo, mle chumbani walikuwamo watu watatu waliomsihi mfalme asilichome. Mmoja wao alikuwa Elnathani mwana wa Akbori. Huyu ndiye aliyetumwa na mfalme huyo huyo kwenda Misri kumkamata nabii Uria, naye Uria akaletwa na kuuawa (Yer. 26:20-23). Mtu aliyemleta mjumbe wa Mungu auawe, sasa anatetea maneno ya mjumbe mwingine! Hatuambiwi moyo wake ulianza lini kulainika. Lakini tunaona kwamba neno lililokataliwa na mfalme halikupita bure katika chumba kile.

Soma Yeremia 36:27-32. Gombo la pili lilitofautianaje na la kwanza?

Jibu la Mungu kwa moto wa mfalme lilikuwa agizo la kuandika upya. Yeremia akasema tena, Baruku akachovya kalamu tena. Wala gombo la pili halikupunguzwa ili limpendeze mfalme. Maneno yote yaliyochomwa yalirudi, na mengine mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Ndani yake mlikuwa pia na hukumu juu ya Yehoyakimu mwenyewe. Neema ya Mungu inavumilia, lakini haigeuzi uovu kuwa wema, wala kukataa hakukosi gharama.

Uvumilivu huo uliendelea. Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa, Yeremia bado alimwambia Mfalme Sedekia kwamba akijisalimisha kwa Wababeli ataishi, na mji hautateketezwa (Yer. 38:17-20). Sedekia aliwaogopa watu, hakutii. Mwaka 586 K.K. mji ulianguka. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anasema kwamba Mungu aliwatuma wajumbe wake mara kwa mara kwa sababu aliwahurumia watu wake, lakini waliwadhihaki mpaka ikawa hakuna tena kuponywa (2 Nya. 36:15, 16). Mlango haukufungwa kwa haraka. Ulisukumwa kutoka ndani, mwaka baada ya mwaka.

Ni rahisi kumshangaa Yehoyakimu na kisu chake. Lakini mtu anaweza kuwa na Biblia nzima mkononi, na bado akaziruka kurasa zinazomgusa: zile zinazosema habari za fedha yake, ndoa yake, au ndugu ambaye hajamsamehe. Na tukiwa wajumbe, je, jirani akitufungia mlango mara mbili, tunalifuta jina lake katika orodha ya maombi?

Maswali ya Kujadili

1. Ni "kurasa" zipi za neno la Mungu ambazo unajikuta ukiziepuka? Kwa nini?

2. Tunawezaje kurudi kwa mtu aliyekataa ujumbe bila kumlazimisha, na bila kuulainisha ujumbe wenyewe?

3. Mtaje Mungu kimoyomoyo jina la mtu mmoja ambaye darasa lako liliacha kumtembelea. "Gombo la pili" kwa mtu huyo laweza kuwa nini juma hili?