SOMO LA MWEZI: DAKTARI AKIPENDEKEZA DAWA YA KUPUNGUZA UZITO



Lengo la somo: Kumsaidia mtu na kikundi chake kuamua kwa busara wakati daktari amependekeza dawa ya kupunguza uzito.
Vifaa: Mizani, utepe wa fundi cherehani, chaki na ubao.

1. HADITHI (mmoja asome kwa sauti)

Mama mmoja anauza omena. Ana kilo 90 na urefu wa mita 1.60. Ana kisukari na presha, na magoti yanamuuma. Siku ya kliniki daktari akampendekezea sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito. Bei ya mwezi mmoja ilikuwa zaidi ya faida yake ya miezi miwili. Akaja kwenye chama kuomba mkopo.

Mmoja akamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya matajiri. Wewe acha chapati tu." Mwingine akauliza, "Ukikonda, huko sokoni watasema nini?" Wa tatu akasema, "Kuna majani ya chai yanauzwa pale stendi, bei rahisi, utakonda kwa wiki mbili." Yule mama akakunja karatasi ya daktari akairudisha mkobani.

Sisi tulikuwepo, na tulikosea pia. Tulimwambia atembee kwa miguu, basi. Hatukumuuliza daktari aliona nini. Aliona haya, akakaa miezi mitano bila kurudi kliniki. Aliporudi sukari ilikuwa juu sana na alikuwa na kidonda mguuni. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

2. KWA NINI HATUONGEI JAMBO HILI

Kwetu mtu mnene huonekana ametunzwa. Tena miaka ya 1990 tulizika watu wengi. Aliyekonda alinong'onwa kuwa ana ayaki, au amepatwa na chira. Hofu hiyo bado iko. Lakini mambo yamebadilika: uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mwanamke 1 kati ya 3 hapa Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Uzito huo huvuta kisukari, presha na ugonjwa wa moyo. Kumcheka mtu hakumpunguzii hata kilo moja.

3. TUPIME KWANZA

Chukua kilo, gawanya kwa urefu wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Yule mama: 90 gawanya kwa 1.60 ni 56.25. Gawanya tena kwa 1.60, unapata 35. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa kuleta ugonjwa. Kwa kawaida daktari hufikiria dawa mtu akifika 30, au 27 kama tayari ana kisukari au presha. Kwa hiyo daktari hakumdharau mama huyu. Alikuwa na sababu.

4. DAWA ZENYEWE

(a) Sindano ya semaglutaidi. Ilianza kama dawa ya kisukari. Inafanya kazi kama kichocheo cha utumbo kinachoambia ubongo kwamba umeshiba, na chakula hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, waliotumia kwa wiki 68 walipungua kwa wastani karibu kilo 15 katika kila kilo 100. Lakini walipoacha, ndani ya mwaka mmoja karibu theluthi mbili ya uzito uliopotea ilirudi. Kwa hiyo si dawa ya mwezi mmoja. Huleta kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo. Mwenye mimba asitumie. Sindano ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, kwa hiyo fikiria joto letu la ziwani na stima inayopotea.

(b) Vidonge vya orlistati. Huzuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Ukila mafuta mengi, utakimbilia choo na nguo zitachafuka.

(c) Fentamini. Hukata njaa, lakini huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Mgonjwa wa moyo asiiguse.

Na yale majani ya chai ya stendi? Jihadhari. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya kuumiza moyo, na bado imepatikana imefichwa ndani ya chai na vidonge vya "miti shamba" vya kukondesha. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya pia juu ya semaglutaidi bandia. Usinunue kwa mchuuzi.

5. MASWALI YA KUMPELEKEA DAKTARI

Nenda na mtu wa nyumbani, mwandike majibu.
- Unanipa dawa hii kwa ugonjwa gani?
- Nitaitumia mpaka lini, na nikiacha itakuwaje?
- Bei ya mwaka mzima ni ngapi? Kuna ya bei nafuu?
- Inapatana na dawa zangu nyingine?
- Dalili gani zikitokea nirudi haraka?
- Je, kuna dawa ninayotumia sasa inayoniongezea uzito?

Swali la mwisho lina maana. Insulini, predinisoloni, na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu huweza kuongeza uzito. Baadhi ya wanaotumia ARV zenye dolutegravia wameongezeka pia. Lakini USIACHE dawa yako mwenyewe, hata siku moja. Ongea na kliniki.

6. KUAMUA

Yoshua bin Sira sura ya 38 hutufundisha kwamba dawa zimetoka kwa Mungu na mwenye akili hazidharau. Luka 14:28 inatukumbusha kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Mafundisho haya mawili yaende pamoja.

Yule mama alirudi na binti yake, na maswali mkononi. Daktari akampangia upya dawa za kisukari. Sindano waliiweka kando kwa sasa, kwa sababu asingeweza kuinunua mfululizo. Amepunguza sukari kwenye chai na mafuta kwenye sufuria, ameongeza osuga na dek, na kipande cha ugali kimekuwa kidogo. Hata kilo 5 zikitoka katika 90, presha na sukari huanza kunufaika. Kidonda kimepona. Huo ni uamuzi wake. Mwingine mwenye uwezo na hatari kubwa zaidi anaweza kuanza sindano, na asihukumiwe.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika hadithi, nani alimsaidia mama huyu? Nani alimwumiza?
2. Je, mfuko wa chama chetu ukopeshe pesa za dawa ya kudumu? Kwa masharti gani?
3. Mwenzetu akikonda kwa sababu ya matibabu, tutamlindaje na maneno ya watu?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao kila mmoja apimwe kilo, presha na sukari kwenye zahanati iliyo karibu. Majibu ni siri ya mwenyewe.